Jasho kupita kiasi: namna ya kulitambua na kulitibu ukiwa Unguja au Pemba

Visiwani kwetu kila mtu anatoka jasho. Mwezi wa pili, kaskazi imeshika na upepo umelala, hata aliyekaa barazani bila kazi kanzu humganda mgongoni. Kwa hiyo mwenye maradhi ya jasho hupata tabu mara mbili: ana jasho lake, na akilalamika huambiwa, "Nani hatoki jasho hapa?"

Mwongozo huu ni kwa yule ambaye jasho lake si la joto peke yake. Viganja vinalowesha daftari hata wakati wa kipupwe. Makwapa yanachora duara kwenye nguo muda mfupi baada ya kukoga. Nyayo zinaacha alama za maji kwenye sakafu ya msikiti, na mtu anasali huku anawaza aliye nyuma yake kama ameziona. Wataalamu wanaiita hali hii haipahidrosisi, na tafiti za Marekani zimekadiria kuwa inawapata watu kati ya 3 na 5 katika kila 100. Haitokani na uchafu, wala si jambo la kupeleka kwa mganga. Ina dawa, na ile ya kuanzia ni nafuu kuliko zote. Nimekaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Unguja, na jambo linaloniuma ni kwamba wengi wanaokuja kusema dawa haifanyi kazi waliipaka saa ambayo haiwezi kufanya kazi. Nitalieleza hilo kwa urefu huko mbele.

Kabla ya yote: jasho linatoka wapi

Mwili una tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Nyingi hutoa maji yenye chumvi, nazo zimesongamana zaidi viganjani, kwenye nyayo, makwapani na kwenye paji la uso. Kazi yake ni kuupoza mwili: maji yanapokauka juu ya ngozi huondoka na joto. Hewa yetu ina unyevu mwingi, maji hayakauki upesi, ndiyo maana fukuto la hapa linatuchosha kuliko joto kali la nchi kavu.

Kwa mwenye haipahidrosisi, tezi zenyewe hazina kasoro. Idadi yake ni ya kawaida na ukubwa wake ni wa kawaida. Kilichozidi ni amri ya neva zinazoziendesha, ambazo huziambia zimimine maji hata pasipo joto wala kazi. Kwa hiyo kujisugua sana, kukoga mara tano kwa siku au kubadilisha sabuni hakubadilishi kitu.

Zipo tezi nyingine makwapani na kinenani zinazoanza kazi mtu anapobaleghe. Hizo hutoa jasho zito kidogo, lisilo na harufu linapotoka, lakini bakteria wa ngozini wakilila ndipo kinapokuja kikwapa. Jasho na kikwapa basi ni mambo mawili. Mtu anaweza kulowa chapachapa asinuke, na mwingine akawa mkavu na bado ana harufu. Manukato na udi vinatibu cha pili, tena kwa muda. Cha kwanza kinataka dawa nyingine.

Hatua ya kwanza: jua jasho lako ni la aina gani

Kuna jasho linalokuja lenyewe, na kuna jasho linaloletwa na maradhi mengine au dawa. Usinunue kitu chochote kabla ya kutenganisha hayo mawili, kwa sababu la pili huponywa kwa kutibu chanzo chake.

Jasho linalokuja lenyewe lina tabia zake. Jiulize haya:

– Limeanza kabla ya umri wa miaka 25, pengine tangu skuli?
– Liko pande zote mbili sawa, viganja vyote, makwapa yote, nyayo zote?
– Ukilala usingizi linakatika?
– Linakujia angalau mara moja kwa wiki?
– Yuko mwengine katika ukoo mwenye hali hiyo?
– Linakuzuia kazi, kuandika, kupeana mkono na watu?

Jasho likiwa limedumu miezi 6 au zaidi bila sababu inayoonekana, na ukajibu ndiyo kwa maswali mawili au zaidi, daktari ataelekea kusema ni haipahidrosisi ya asili. Swali la usingizi mimi hulipa uzito wa pekee. Mtu ambaye viganja vyake hutiririka mchana kutwa, mamaake akimshika usiku amelala akavikuta vikavu, huyo tumeshamjua nusu.

Swali la ukoo nalo huwashangaza watu, kwa kuwa jasho ni jambo linalofichwa. Kijana mmoja, utingo wa daladala, alikuja kununua poda ya miguu, na noti aliyonipa ilikuwa imelowa kama imetolewa mfukoni mwa mvuvi. Nikamuuliza kama nyumbani yupo mwengine wa namna hiyo. Akasema hakuna. Siku aliyorudi, safari hiyo kwa dawa yenyewe, alitaka chupa mbili: mamaake alikuwa ameishi na viganja hivyo tangu utotoni, akifuta kwenye kanga, na hakuwahi kumwambia mtu.

Hatua ya pili: dalili za kukupeleka hospitali kwanza

Usianze na dawa ya kupaka ikiwa jasho lako lina mojawapo ya haya. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, na wao watakuelekeza mbele ikilazimu.

Jasho la usiku linalolowesha shuka, pamoja na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni au kupungua uzito, lipimwe kifua kikuu. Hapo pia daktari atataka kupima Virusi vya Ukimwi, na akiona tezi zimevimba shingoni au makwapani atatafuta maradhi ya damu na mitoki. Homa yenye kutetemeka ipimwe malaria, hata kama Zanzibar imepungua sana kuliko zamani, hasa kwa aliyetoka safari ya Bara.

Jasho la mwili mzima pamoja na moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukonda huku unakula vizuri na kutovumilia joto kabisa, hiyo huwa ni tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Kipimo cha damu kinaionyesha.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, akitoka jasho la ghafla la baridi, akatetemeka na kuhisi njaa, sukari yake imeshuka. Hilo halingoji hospitali: mpe sukari au soda yenye sukari pale pale kama anaweza kumeza, kisha apimwe. Na jasho la baridi pamoja na kifua kubana au maumivu yanayoshuka mkononi ni dharura ya moyo. Tafuta gari mara moja.

Mwanamke aliyefikia umri wa hedhi kukatika akipatwa na wimbi la joto kutoka kifuani kwenda usoni, kisha jasho, mara nyingi ni mabadiliko ya umri huo. Nalo lina matibabu yake, asivumilie kimya.

Angalia pia dawa unazotumia. Baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, na za maumivu kama tramadoli, huzidisha jasho. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia.

La mwisho katika hili: jasho lililoanza ukubwani bila sababu, au linalotoka upande mmoja tu wa mwili, lionwe na daktari hata kama hujisikii kuumwa.

Hatua ya tatu: dawa ya kupaka, na saa ya kuipaka

Hapa ndipo watu wanapopotea, basi nitakwenda taratibu.

Dukani kuna vitu viwili vinavyofanana chupa. Kimoja kinaondoa harufu tu. Kingine kinapunguza jasho lenyewe, na ndani yake kuna chumvi ya alumini. Tazama maandishi ya chupa: ukiona neno "antiperspirant" na jina linaloanza na "aluminium", hicho ndicho. Ukiona "deodorant" peke yake, umenunua manukato. Kwa jasho dogo la makwapa roloni yenye alumini inaweza kutosha. Kwa jasho kubwa unahitaji yenye nguvu zaidi, na mwandikie mfamasia jina hili kwenye karatasi: aluminium chloride hexahydrate 20%. Kama hana anaweza kukuagizia kutoka Dar es Salaam. Kwa makwapa ya mtu mwenye ngozi nyepesi kuudhika, anza na ya asilimia 10 hadi 12 ukiipata.

Inavyofanya kazi ni hivi. Chumvi hiyo ikiingia kwenye tundu la jasho huungana na protini zilizomo na kufanya kizibo chembamba mdomoni. Kizibo kinahitaji saa kadhaa za utulivu ili kijijenge. Ukipaka asubuhi, jasho lako linasukuma dawa nje kabla haijashika, na ukifika Darajani imeshaishia kwenye nguo. Halafu kuna jambo la pili: dawa hii ikikutana na maji huzaa asidi kidogo. Mwasho ambao watu wanaulaumu unatokana na hilo, na huja zaidi kwa aliyepaka ngozi ikiwa bado mbichi kutoka bafuni.

Utingo yule alikuwa ameshaijaribu dawa hii zamani, akaiacha.

"Dokta, ile inaniunguza tu, na jasho liko pale pale."

"Ulikuwa ukiipaka saa ngapi?"

"Asubuhi nikishakoga, kabla sijatoka."

Kila mtu hupaka asubuhi, ndiyo desturi ya roloni. Kwa dawa hii desturi hiyo iache. Fuata mpango huu:

1. Usiku, karibu na kulala, koga kama kawaida na ujifute. Usipake hapo hapo. Kaa chini ya pangaboi nusu saa mpaka ngozi iwe kavu kabisa. Umeme ukikatika, jipepee kwa kipepeo na ufute tena kwa kitambaa kikavu. Ukiona bado unatoka jasho, subiri zaidi. Nusu saa hii ndiyo nusu ya tiba.

2. Vua pete na bangili, kwa kuwa dawa hula madini. Vaa fulana kuukuu ya pamba, kwa kuwa huharibu nguo pia.

3. Paka tabaka jembamba, iache ikauke, kisha lala. Kupaka nyingi hakuongezi nguvu, kunaongeza mwasho.

4. Asubuhi ikoshe kwa maji na sabuni. Baada ya hapo jipake manukato yako au roloni yako ya kawaida ukipenda.

5. Rudia kila usiku mpaka uone ukavu. Makwapa mara nyingi huitika ndani ya wiki 1 hadi 2. Viganja na nyayo vina ngozi nene, huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo usikate tamaa kabla ya wiki 4.

6. Ukishakauka, punguza iwe mara 1 au 2 kwa wiki. Ngozi hujibadilisha na vizibo hung'oka nayo, ndiyo sababu huwezi kuacha moja kwa moja.

Usipake juu ya ngozi iliyonyolewa karibuni. Ngoja siku 1 hadi 2. Wengi wetu tunanyoa makwapa kwa ajili ya Ijumaa. Basi ukinyoa Ijumaa asubuhi, rudi kwenye dawa Jumamosi usiku. Bibi harusi anayesingwa singo aiache dawa siku zote za singo, maana ngozi iliyosuguliwa itaungua. Usiipake karibu na macho wala kwenye kidonda. Chupa nyingi zina spiriti, ziweke mbali na moto na watoto.

Ngozi ikiwasha na kuwa nyekundu, pumzika usiku mmoja au miwili, na asubuhi paka haidrokotisoni ya asilimia 1 kidogo kwa siku chache. Kisha rudi kwa kupaka usiku mmoja na kuacha mmoja. Ikitoa maji au kuchubuka, acha kabisa uonyeshe hospitali.

Mwezi wa Ramadhani usiku hugawanyika kati ya tarawehe na daku, saa za kulala ni chache. Aliyeshakauka na anapaka mara moja kwa wiki achague usiku wa kuamkia siku ya mapumziko, alale mapema, na aikoshe kabla ya udhu wa alfajiri. Anayetaka kuanza dawa, bora aanze mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, au baada ya Idi.

Wanawake huniuliza kama alumini inaleta saratani ya matiti. Tafiti zilizofanywa hazijathibitisha hivyo. Anayepaswa kuuliza daktari kwanza ni mwenye maradhi ya figo, na mjamzito.

Viganja na nyayo vina mambo yake

Kwa viganja, paka usiku, acha vikauke, kisha vaa glovu nyembamba za pamba kama unazo, usije ukajifuta macho usingizini. Mchana weka leso ya pamba mfukoni. Mwanafunzi aweke kipande cha kitambaa chini ya mkono anapoandika. Mwalimu wa skuli au wa chuoni akiona pembe za juzuu ya mtoto zimevimba kwa maji na wino wa daftari umetapakaa, asimpigie kelele mbele ya wenzake. Amwite pembeni, amwambie mzee wake. Simu isiyokubali alama ya kidole ni dalili ya wazi pia: badilisha utumie namba ya siri, usihangaike nayo.

Nyayo zinazolowa ndani ya viatu vyeusi vya skuli huzaa fangasi kati ya vidole, na mara nyingine vitundu vidogo kwenye kisigino vyenye harufu kali sana ya kuoza. Hivyo vitundu ni bakteria, dawa ya fangasi haiviponyi. Vinataka dawa ya bakteria ya kupaka. Onyesha mfamasia kabla ya kununua. Soksi ziwe za pamba, jozi mbili kwa siku, viatu vibadilishwe ili jozi moja ikauke siku nzima. Nyumbani na madukani makubadhi yanatosha, mguu upate hewa. Kausha kati ya vidole baada ya kila udhu. Dakika moja ya kitambaa hapo inaokoa mwezi wa dawa.

Vipele vidogo vinavyochoma shingoni na mgongoni ni harara. Hiyo ni jasho lililozibwa ndani ya ngozi, na dawa yake ni ubaridi na nguo pana. Usipake dawa ya alumini juu ya harara. Mtoto mchanga mwenye harara msimfunike blanketi ati asishikwe na baridi. Maji ya vuguvugu na hewa vinamtosha, na poda nyingi inamziba zaidi.

Vitu vya nyumbani: vipi vina faida

Shabu ina faida. Jiwe lile la shabu ni chumvi ya alumini pia, ingawa dhaifu, na bakteria hawalipendi. Lilowanishe, pitisha kwapani, acha likauke. Linapunguza kikwapa vizuri, jasho kidogo tu. Kwa mtu mwenye jasho la wastani asiye na pesa ya dawa, mimi namshauri shabu bila kusita.

Ndimu naikataza. Hukata harufu siku ya kwanza, lakini ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi kwa muda mrefu. Magadi huchubua. Liwa ni baridi na ina harufu nzuri, ipakwe kwa raha yake, jasho haizuii.

Nguo ziwe za pamba na zipwaye. Kanzu ya pamba nyeupe haionyeshi jasho kama ya kijivu. Kwa buibui, kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, na ndani gauni la pamba la kunyonya. Pilipili ya urojo na kahawa tungu ya moto huchochea jasho kwa baadhi ya watu. Jichunguze wewe mwenyewe, usiache kitu kwa kuwa mwenzako kimemdhuru.

Maji usipunguze. Nimewakuta watu wanaokaa na kiu makusudi ili wasilowe kazini. Jasho la neva halitegemei bilauri uliyokunywa, na mwenye kutoka jasho jingi anahitaji maji zaidi ya wengine.

Hatua ya nne: vidonge, na tahadhari ya kaskazi

Dawa ya kupaka ikishindwa baada ya kutumiwa kwa utaratibu huu wiki 4, rudi kwa daktari. Kwa Unguja rufaa nyingi huishia Mnazi Mmoja. Kwa Pemba anza Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee Mkoani. Kwa utaalamu zaidi wa ngozi, Bara kuna Muhimbili, na Moshi kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya maradhi ya ngozi katika hospitali ya KCMC.

Daktari anaweza kukuandikia vidonge kama oksibutinini au glikopirolati. Hivi hukata amri ya neva kwa tezi mwili mzima, kwa hiyo vinasaidia hata jasho la uso na kichwa. Lakini vinakausha kila kitu: mdomo, macho, choo kinakuwa kigumu, mkojo unasita. Mwenye presha ya macho, mwanamme mwenye tezi dume iliyovimba, na mzee anayesahau sahau, visimfae mpaka daktari aseme.

Kubwa kuliko hayo kwa sisi wa visiwani ni joto. Jasho ndilo linalouokoa mwili, na kidonge kinalizima hata pale unapolihitaji. Mama anayefunga mwani Paje au Jambiani jua la saa saba, mchumaji karafuu juu ya mkarafuu, fundi wa ujenzi, mvuvi: mtu wa kazi hizo akimeza vidonge hivi bila kumweleza daktari anafanya kazi gani anaweza kupandwa na joto la mwili hadi kuanguka. Dalili ni kichwa kuuma sana, kichefuchefu, ngozi ya moto, kisha kuchanganyikiwa. Aliyechanganyikiwa juani mwekeni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, na gari iitwe. Mwenye kazi ya kiyoyozini yuko salama zaidi, lakini naye akumbuke siku za kupanda boti mchana.

Kwa mtu ambaye jasho lake hufunguka anapohutubia au kufanya mtihani tu, daktari anaweza kumpa propranololi ya kunywa kabla ya shughuli. Mwenye pumu asiiguse.

Hatua ya tano: mashine, sindano, upasuaji

Kwa viganja na nyayo kuna tiba ya umeme mdogo ndani ya maji. Unatia mikono kwenye trei mbili za maji, mashine inapitisha mkondo wa kiasi cha miliampia 15 hadi 20 kwa dakika 20 hadi 30, mara 3 kwa wiki au zaidi mpaka vikauke, kisha mara moja kwa wiki. Ni tiba nzuri, na mashine za nyumbani zipo za kuagiza. Maji ya mfereji yanafaa; maji ya mvua yana chumvi chache mno, mkondo haupiti vizuri. Mjamzito, mwenye kifaa cha moyo, mwenye kifafa na mwenye chuma ndani ya mkono au mguu asitumie. Na nawasihi vijana wanaojua umeme: msiitengeneze wenyewe kwa betri ya gari wala chaja. Mkondo usiodhibitiwa unaunguza, na unaopita mkono hadi mkono unavuka kifua.

Sindano za sumu ya botulinamu hukata ujumbe wa neva mahali zilipochomwa. Marekani iliziidhinisha kwa jasho la makwapa mwaka 2004. Kawaida ni yuniti 50 kila kwapa, na ukavu hudumu kiasi cha miezi 6, kwa wengine pungufu au zaidi. Viganjani zinauma na zinaweza kulegeza mshiko kwa muda. Mshona kofia au mpiga fidla alifikirie hilo. Ni ghali na lazima zirudiwe. Achome daktari aliyejifunza, kamwe si saluni.

Upasuaji wa kukata neva za kifuani ni wa mwisho kabisa. Hukausha viganja vizuri, lakini wengi hupata jasho jipya mgongoni, tumboni na mapajani, mara nyingine baya kuliko lile la kwanza, na kilichokatwa hakirudishwi kirahisi. Kwa mtu anayeishi kwenye fukuto letu hilo ni zito kuliko kwa anayeishi nchi ya baridi. Ukipendekezewa, muulize daktari: amewafanyia wangapi? Wangapi kati yao walipata jasho la mahali pengine? Atakata neva au atazibana kwa klipu, na katika kiwango gani cha kifua? Nawe jiulize: mashine ya maji au sindano umeshazijaribu kwa ukamilifu? Daktari akikwepa kujibu, usitie saini siku hiyo. Chukua nakala ya vipimo vyako umwonyeshe mwingine.